Kofia Yangu, Kichwa cha Mume wa Mtu

Nilirudi Likoni kwa mama baada ya kuachwa na mume niliyekuwa naye Changamwe. Ilikuwa miaka ya vita, na bafta, kitambaa cheupe cha pamba, haikupatikana madukani ila kwa kujuana. Mama alikuwa na kipande alichokificha sandukuni tangu kabla ya vita. Akanipa, akasema mwanamke aliyeachwa asikae mikono mitupu.

Nikakishona kofia ya viua. Asiyeijua kazi hiyo huona maua meupe tu. Mshonaji huona vitundu visivyohesabika, kila kimoja kimetobolewa kwa sindano nene na kuzungushiwa uzi mpaka kikakaza. Mchoro niliuchora mwenyewe kwa penseli, na niliufuta mara nyingi kabla ya kuridhika nao. Nilianza masika, nikamaliza watu wakijitayarisha kwa Idi. Niliiweka juu ya chungu kidogo kilichopinduliwa, nikaitazama pande zote. Sikuwa nimewahi kushona kitu kizuri kama kile, na nilijua.

Kaka yangu akaiuza kwa karani mmoja wa bandarini, aliyekaa nyuma ya msikiti. Mimi sikuwapo. Nililetewa fedha, nikanunua uzi, nikadhani mambo yamekwisha.

Siku ya Idi nilikuwa dirishani wanaume walipotoka kuswali. Kofia yangu niliiona kabla ya kitu kingine chochote. Ilikuwa imenipa mgongo, imezungukwa na watu.

"Mashallah! Kofia hiyo umeitoa wapi?" mmoja aliuliza.

"Usiulize kofia, uliza kichwa," mwenyewe akajibu. "Haikai kila kichwa hii."

Wakacheka. Mimi nilishika nondo ya dirisha. Kichwa! Kichwa kilifanya kazi gani? Kilichomwa sindano mara ngapi? Wivu nilikuwa naujua. Niliuonja Changamwe mume alipooa mke wa pili. Lakini huu ulikuwa mkali zaidi, maana mume sikumtengeneza mimi.

Tangu siku hiyo, kila nilipovuka kwenda mjini kununua uzi, niliitafuta kofia kwenye feri. Nilisimama nyuma yake, ndani ya buibui langu, nikaona yote aliyoifanyia. Aliisukuma kisogoni kwa kiganja chenye jasho. Joto likizidi aliivua akajipepea nayo. Siku moja aliita muuza njugu, akamkingia kofia kama bakuli, akamiminiwa njugu ndani. Chumvi na mafuta ndani ya viua vyangu! Nilivuka ng'ambo nimesahau nilikuwa naenda kununua nini.

Kisha nikaiona imeanikwa nyumbani kwake. Ilikuwa imetundikwa juani kwenye kijiti cha ua, imekunjamana kama kitambaa cha jikoni. Sikufikiri. Nikaenda mpaka mlangoni.

"Hodi!"

Akatoka mkewe, mwanamke mnene mwenye sauti, unga wa mahamri mikononi.

"Karibu. Una nini?"

"Dada, kofia ile haifuliwi vile. Nipe niwe naifua mimi. Bure."

"Bure?"

"Bure, wallahi."

"Na kanzu yake utaifua?"

"Kanzu sina haja nayo."

"Na mwenyewe?"

Mlango ukafungwa kwa kishindo.

Wiki hiyo palikuwa na harusi mtaani, na wanawake tulikaa ukumbini kuchagua mchele. Yule mke alikaa mbele yangu na sinia lake. Hakunitazama hata mara moja.

"Siku hizi wako watu," akawaambia wenzake, "wakiona kofia nzuri wauliza yalala wapi."

"Yalala msumarini," mmoja akadakia.

"Ya kwangu yalala chumbani kwangu. Atakaye kuifua, aje aombe na shuka!"

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Mimi niliendelea kutoa mawe kwenye mchele, hata mahali ambapo hapakuwa na jiwe.

Baada ya hapo, mwanamume aliyekuwa ameniagiza kofia akatuma mtu kusema ameghairi. Wa pili akafuata. Wake zao walikuwa wamekataa, na ni nani angewalaumu? Nilikuwa mwanamke asiye na mume, na sindano ndiyo iliyokuwa riziki yangu. Bila ile kazi ningebaki kula kwa mama mpaka nipate posa nyingine, kama ingekuja.

Mama alipopata habari alinishika mkono, tukaenda kwa yule mke mchana kweupe. Mumewe alikuwa kazini.

"Mwanangu asema alikuwa akitazama kofia," mama akasema.

"Wote husema hivyo."

"Nani mwingine aliyewahi kusema hivyo?"

Yule mke akafikiri kidogo, akanigeukia. "Haya. Wamtazama mume wangu kila siku kwenye feri. Ana masharubu au hana?"

"Anayo," nikasema, maana ilinibidi niseme kitu.

"Hana! Jicho lake la kushoto likoje?"

"Ni zima tu."

"Ni chongo! Likoni nzima yajua kama ni chongo!"

"Na kofia?" mama akauliza. "Mwulize kofia."

Nikasema bila kuvuta pumzi. Viua viwili vimelegea upande wa sikio la kulia. Ndani kuna doa la mafuta. Ukingo wa nyuma umelala kwa sababu umepigwa pasi ya moto mno, na pasi haikutakiwa kabisa. Siku hiyo mumewe hakuwa ameivaa; yule mke akaingia chumbani, akaileta, akaikagua kwa kidole, jambo moja baada ya jingine. Alipofika kwenye ukingo alikaa chini mkekani akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akajifuta macho, akanitazama.

"Kwani mume wangu hata hatazamiki?"

"Bibi," mama akasema, "chagua moja."

Alichagua. Aliwatangazia wanawake wenzake kwamba yule mshonaji haoni nyuso, aona vichwa tu, na wake wenyewe wakaanza kuniletea kazi za waume zao. Mimi nikaruhusiwa kuifua kofia kila Alhamisi, kwake, mbele ya macho yake. Nikamwonyesha: maji baridi, sabuni bila kusugua, wanga mwepesi, na kuikausha kivulini ikiwa juu ya kitu cha mviringo. Alitazama vizuri. Mimi nilidhani anamlinda mumewe.

Alhamisi moja nilifika nikaikuta imeshafuliwa na kukauka.

"Usijisumbue tena, mwenzangu," akasema. "Nishajua."

Nikaichukua nikaipeleka mwangani. Nilitafuta wanga uliogandamana, uzi uliovutika, ukingo uliopinda. Nilitafuta muda mrefu, na ningalipata kosa hata moja ningalishukuru. Ilikuwa nyeupe kuliko nilivyowahi kuitoa mimi. Alinyoosha mkono akaipokea, akaiingiza chumbani, akarudi na chai. Nikainywa, nikaenda zangu kushona kofia za watu wengine.