Kitambaa Kisicho na Unene

Mdogo wangu alipoleta Uvira kitambaa chake cha kaboni, nilimwuliza kwanza kama kinauzwa kwa pisi au kwa mita. Minye mwenyewe nauza vitenge, soko la Rugenge, swali lingine ningelitoa wapi. Akacheka, akaniita yaya, kama huku tunavyomwita mkubwa wetu. "Yaya, hiki kiko na urefu na upana tu. Unene ni kama hakuna." Nikamjibu kwamba wauzaji wa namna hiyo nawafahamu, wengine tulishawafukuza sokoni.

Lakini alinieleza mpaka nikaelewa. Ile kaboni nyeusi ya ndani ya penseli imepangwa tabaka juu ya tabaka, kama vitenge kwenye rafu yangu. Ukifaulu kuinua tabaka moja peke yake, unapata kitu chembamba kuliko chochote nilichowahi kukunja, na umeme unapita juu yake bila shida. Kazi yake kule labo, maabara ya chuo Bukavu, ilikuwa kukibandikia vishikio vidogo sana, vinavyokamata kijidudu cha kipindupindu na kuacha vingine vipite. Kijidudu kikinaswa, umeme unabadilika, na kataa kekundu, taa ndogo kama punje, kanawaka kwenye kifaa kinachoenea kiganjani. Huku kwetu kila mtaa umezika watu kwa sababu ya maji. Ilikuwa bidhaa ya kwanza maishani mwangu ambayo sikutaka kuipunguzia bei.

Profesa wake alimpa msimu mmoja. Majibu ya Uvira yakiwa mazuri, angebaki labo na kuendelea na masomo ya juu. Yakiwa mabaya, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Tulianzia bandarini Kalundu. Alichota maji karibu na mitumbwi, akadondosha tone, taa ikawaka. Kisha tukaingia manyumbani, minye mbele, kwa sababu wanawake wa kule wananijua, nusu yao wamevaa vitenge vyangu. Tulisalimiana, tukakaa, nikaeleza kwamba mdogo wangu anaomba maji wanayokunywa. Kila nyumba ilituletea kwenye gilasi safi, juu ya sahani. Tukauliza yanatoka wapi. Ziwani, wakasema, sisi wote tunachota ziwani. Taa haikuwaka. Nyumba iliyofuata, vilevile. Nilimwambia arudie, minye siamini hesabu ya mara moja. Akarudia. Haikuwaka.

Jioni alikaa kwangu ameshika kichwa. Ziwa ni lilelile, akasema, na kitambaa kinatoa majibu mawili. Akaamua kwamba pale bandarini kilidanganywa na matope. Akarudi Bukavu kukibuni upya: akapunguza vishikio, akakifunika kwa utando wa kuzuia uchafu. Utando ukazuia uchafu, ukazuia na kijidudu. Siku ya kukionyesha mbele ya maprofesa, walikipa vijidudu walivyovifuga wenyewe mu chupa, na taa ikabaki imezimika. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Sasa anafundisha kemia sekondari, Bwegera, kati ya mashamba ya mpunga.

Miezi ikapita. Siku moja nilimpelekea mama mdogo wetu wa Kalundu kitenge alichoagiza. Yeye pia tulikuwa tumempimia maji. Nilikuwa na kiu, nikamimina kikombe mwenyewe kutoka bidoni, dumu la maji lililokuwa mlangoni. Akaninyang'anya.

"Weye, acha. Hayo ni yetu. Ya mgeni iko mu termos."

Nikamwuliza, ya mgeni namna gani? Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto adabu. Yote ni ya ziwa, lakini ya mgeni yanachemshwa. Makala, mkaa wa kuchemshia maji ya nyumba nzima, yatatoka wapi?

"Mtoto ametoka Bukavu na masomo yake, nimupe maji ya bidoni? Watasema nini juu yetu?"

Nikakaa chini. Kazi yangu yote ni kujua kwamba muuzaji anaweka nzuri juu na yenye doa chini. Sinunui rundo la vitenge bila kulifunua. Kwenye zile nyumba sikufunua kitu, kwa sababu sikuwa mnunuzi. Nilikuwa mgeni.

Nilimpigia mdogo wangu simu. Nikamweleza habari ya bidoni na termos.

"Kwa hiyo kilikuwa kinasema kweli," akasema.

"Bandarini kweli, na manyumbani kweli."

Nikamwambia akitengeneze tena kile cha kwanza. Akanijibu kwa upole kwamba penseli ziko, shule imejaa penseli, lakini vile vishikio viliagizwa Ulaya kwa jina la labo, na labo haikuwa yake tena. Kisha akasema wanafunzi wanamngoja.

Mama mdogo sikumwambia. Bado ananiuliza yule mtoto wa kataa atarudi lini, maana kwake hakakuwaka, naye alitamani kukaona. Kila Jumapili anamchemshia maji, asije akamkuta hana ya kumpa.