Shimo la Makumbi la Tabia

Jumatatu, tarehe 11 Machi 2019. Lililothibitishwa na watu wawili ni hili: Mize binti Ubwa, msokota kamba wa Jambiani, aliingia katika duka la sonara Shamsi, Mji Mkongwe, akafungua pindo la kanga lenye vibonge vya manjano vinavyong'aa.

Vibonge hivyo havikutoka katika shimo lake. Wanawake wa Jambiani hufukia makumbi ya nazi katika tope la pwani, wakayakandamiza kwa mawe, yakaoza miezi kadhaa hadi usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba, uachane. Shimo halina kufuli. Kila mmoja anayajua mawe ya mwenziwe, na hayaguswi. Mize alikuwa akifukua makumbi yake alipoona udongo wa kijivu ukimetameta chini ya ukingo wa shimo la jirani. Lilikuwa la wifi yake, Tabia, aliyekuwa akiandaa kamba za kuwambia kitanda cha harusi ya bintiye, Yusra. Mize aliyaondoa mawe, akachimba. Maji yalipoanza kujaa aliyarudisha mawe harakaharaka, na bamvua lililofuata, yale maji makuu ya mwezi, likayachukua makumbi yote. Wanawake waliwalaumu watalii wanaoteleza baharini wakivutwa na vishada. Mize naye akawalaumu.

Shamsi alikisugua kibonge kimoja kwenye jiwe la kupimia. Dhahabu huacha mstari wa manjano. Hiki kiliacha mweusi. Akakipasha moto, duka likajaa harufu ya kiberiti.

"Bi Mize," alisema, "ukimvisha bibi harusi mkufu wa hii, bwana atadhani kaoa yai viza."

Waliokuwapo walicheka. Mize alinieleza kwamba alicheka nao, na kwamba kicheko hicho ndicho kinachomtahayarisha hadi leo, kwa sababu wakati huohuo alikuwa akikifikiria kitanda cha Yusra.

Kilikuwa pairaiti, yaani chuma na kiberiti vilivyoshikamana ndani ya tope lisilopata hewa. Kudanganyika kwa Mize hakukuwa upumbavu mtupu. Katika bahari za kale sana, tope la namna hiyo, jeusi kwa mabaki ya viumbe, lilinasa dhahabu kidogo iliyoyeyuka majini, ikafungika ndani ya pairaiti. Tope likawa mwamba, mwamba ukazikwa na kukunjwa. Joto likaifungua dhahabu, maji ya moto yakaipeleka kwenye nyufa, ikakusanyika pamoja na jiwe jeupe. Hivyo ndivyo wanajiolojia wanavyoeleza chanzo cha baadhi ya machimbo makubwa. Udongo wa Jambiani bado una umri mdogo mno. Haujapitia moto huo.

Mize alikwenda kwa Tabia akiwa ameshapanga maneno: kwamba alikusudia kumtunza Yusra zawadi ya harusi. Alipomkuta akipepeta mchele, maneno hayo yalimshinda.

"Makumbi yako nliyafukua mie, wifi. Nliona kitu king'aacho, nkataka kiwe changu peke yangu."

Tabia hakuuweka chini ungo.

"Ungenambia," alisema, "tungechimba sote."

Kitanda kiliwambwa kwa kamba za nailoni za dukani. Siku ya harusi Mize aliitwa akae ukumbini pamoja na mashangazi. Alibaki jikoni, akikoroga mchuzi uliokwisha kuiva.

Msimu uliofuata Tabia alifukia makumbi yake palepale, kando ya shimo la Mize. Kama amemsamehe, au tope la pale ndilo zuri tu, haijulikani. Nilipomwuliza, aliendelea kupanga mawe yake.