Ufunguo Niliomnyima Mama Mkwe

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, ipo moja ninayoikumbuka hadi jasho la viganja vyangu. Nilikuwa nimesimama uani, hapa hapa Nengo, bi harusi wa juzi, kitenge changu bado kinanukia upya. Ndani ya ngumi yangu ya kulia nilikuwa nimefumbata ufunguo wa gari. Mbele yangu alisimama mama mkwe wangu, Mama Tereza, machozi yakimtiririka. Aliutaka ufunguo ule, nami nikamnyima.

Keti nikusimulie. Nawaona nyinyi vijana siku hizi mnafungua magari yenu wenyewe, simu imeegemezwa kwenye jiwe inawaonyesha cha kufanya, na mimi nafurahi. Mtu anayekijua chombo chake kwa mikono yake hasumbuliwi ovyo na njia. Lakini lipo jambo ambalo simu haitawafundisha, na mimi lilinipata kabla simu hizo hazijafika kwetu.

Mume wangu Anasitazi, Mungu amrehemu, alikuwa na gari kuukuu la rangi ya maziwa. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka, likipita kwenye shimo linaitikia kwa kichwa kama mbuzi. Breki zake ndizo usiseme. Basi alipopata likizo kazini akaamua kulifufua mwenyewe, hapo uani. Alilipandisha juu ya magogo ya mkaratusi, maana alikuwa akisema jeki ni ya kuinulia tu, si ya kulala chini yake. Akabadilisha springi na shokabu, kisha akaja kwenye breki. Alifungua gurudumu moja moja, hakufungua mawili kwa pamoja, ili akisahau kitu kilikaaje aende kutazama upande wa pili.

Na mimi nilikuwa mguu wake. Ukishafungua breki, upepo huingia kwenye mipira ya mafuta, na lazima utolewe wote. Basi mimi nakaa kwenye kiti cha dereva, yeye yuko chini kwenye gurudumu.

"Kanyaga," anasema. Nakanyaga. "Shikilia." Nashikilia. "Bon, achia."

Ndivyo mimi, niliyelelewa Kigoma na shangazi yangu na sijui kuendesha hata baiskeli, nilivyojifunza breki kwa unyayo. Breki nzima inasimama juu na inakaa hapo. Yetu, baada ya magurudumu yote kumalizika, ilikuwa na tabia ya udanganyifu: ukiikanyaga haraka mara kadhaa inakuwa ngumu, unafurahi. Ukiendelea kuishikilia, inaanza kuzama taratibu chini ya mguu wako, kama mtu anayedidimia kwenye matope.

Anasitazi akajifuta mikono. Akasema kwamba gurudumu la nyuma kushoto lina raba ndani iliyolika, mafuta yanapita. Raba yenyewe haikupatikana hapa mjini, ikabidi avuke mpaka kwenda Goma kuitafuta. Watoto wa jirani walikuwa wanapenda kuchezea chini ya gari, kwa hiyo kabla ya kuondoka alirudisha magurudumu yote na kulishusha chini. Akanikabidhi ufunguo.

"Usimupe mutu," akaniambia. "Hata mama."

Nikacheka. Mama atautaka wa nini?

Jua lilikuwa limeanza kuinama Siliveri alipoingia. Huyu ni mdogo wake Anasitazi, kijana wa haraka, mwenye moyo mwema, na dereva hodari. Alikuwa ametoka Bugeshi, huko milimani, matope yamemfika magotini. Kule juu kulikuwa na dada yake Mama Tereza, jina lake Kankindi, aliyemlea mama mkwe wangu baada ya mama yao kufariki. Alikuwa mgonjwa. Siliveri alisema hali imebadilika, hataki kula tena, anaita jina moja tu: Tereza.

Mama Tereza akainuka. Aliingia ndani, akatoka amejifunga kitambaa kichwani na kaniki begani, akaelekea moja kwa moja kwenye gari.

"Mukazana," akaniambia, ndivyo mke wa mwana anavyoitwa kwetu, "leta funguo. Siliveri atatupeleka."

"Mama, gari halijapona," nikasema. "Breki yake bado. Anasitazi amekwenda kutafuta kifaa."

Siliveri akalizunguka gari. Lilikuwa limesimama juu ya magurudumu yake, limeoshwa, nyuma limeinuka vizuri kuliko siku zote. Akafungua mlango, akakaa, akakanyaga breki mara tatu nne za haraka. Nikaona uso wake unang'aa.

"Mama, iko muzuri! Iko nguvu kabisa!"

"Usitoe mguu, shemeji," nikamwambia. "Endelea kushikilia. Subiri kidogo tu."

Lakini alikuwa ameshatoka nje. "We unajua nini ya gari? Mi ninaendesha tangu zamani. Tena tunapanda. Kupanda haiombe frein."

"Na kushuka, utakosaje breki?"

"Kushuka nitatumia vitesse, gia ya chini, na frein ya mukono. Donc, leta."

"Shemeji, nimeikanyaga mwenyewe tangu asubuhi. Inazama."

"Ajali haina kinga," akasema kwa hasira. "Mutu anakufa kule, we unaongea raba!"

Ni kweli, mwanangu, ajali haina kinga. Lakini ile tunayoiona inakuja na kuifungulia mlango haiitwi ajali.

Mama Tereza akanisogelea. Hakuniamuru tena. Alinishika mkono, ule wenye ufunguo, kwa mikono yake yote miwili, na hapo ndipo alipoanza kulia.

"Mutoto yangu, Kankindi ndiye alinibeba mugongoni. Usinifanyie hivi."

Wewe ungefanyaje? Nilikuwa mgeni katika nyumba ile. Sikuwa nimezaa. Mume hayupo. Nikimkatalia mama mkwe wangu siku kama hiyo, nani atanisamehe? Nikimpa, hakuna atakayenilaumu, kwa maana nimetii. Nilitazama nyuma yao: kwenye kiti cha gari walikuwa wameshapanda wajukuu wawili wa Mama Tereza aliokuwa akiwalea, wamevalishwa masweta kwa ajili ya baridi ya Bugeshi, wanasubiri waende kumuaga bibi yao. Nikaiona ile njia ya kushuka, kona zake na ukungu wake.

"Hapana, mama," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo mno. "Nipige ukitaka. Siwezi."

Hakunipiga. Aliniachia mkono kana kwamba umemuunguza. Siliveri akatema mate chini. Waliwashusha watoto, wakawaacha kwangu wanalia, wakaondoka kwa miguu kwenda kutafuta lori la viazi linalopanda. Lori halikupatikana hadi alfajiri. Walipofika Bugeshi, Kankindi alikuwa ameshafumba macho.

Anasitazi alirudi jioni ile na raba yake mfukoni. Nilimweleza, akanisikiliza bila kunikatiza. Asubuhi akafungua lile gurudumu la nyuma kushoto, nami nikaona kwa macho yangu: viatu vya breki vimelowa mafuta chapachapa. Habari ya msiba ilikuwa imeshatufikia kwa lori lililoshuka. Nikamwambia tufunge kile kiatu cha breki kwenye gazeti, twende nacho. Siliveri akione. Mama akione. Nilikuwa na uchungu, nikasema fadhila za punda ni mateke.

Akatikisa kichwa. "Muke wangu, kwenye kilio wanapeleka machozi. Hawapelekagi ushahidi."

Akakitupa kwenye ndoo. Tukamaliza kazi, tukatoa upepo, kanyaga, shikilia, achia, hadi breki ikasimama juu na kubaki hapo. Akalijaribu gari polepole uani, kisha barabarani, na ndipo tukapanda Bugeshi pamoja na wale watoto.

Sitakuficha, siku zile zilikuwa nzito. Nilimenya viazi na wanawake wengine, hakuna aliyenipa mgongo waziwazi, lakini nikikaa mkekani nafasi inapanuka yenyewe pande zote mbili. Mama Tereza alikula nilichopika. Neno hakunipa. Nilikwenda peke yangu kwenye udongo ule mbichi wa Kankindi, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, nikamwomba radhi ingawa sikujua hasa ni kwa kosa gani.

Matanga yalipokwisha, tukashuka nao. Mama alikaa mbele, mimi na Siliveri nyuma, watoto kwenye mapaja yetu. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara inateleza. Katikati ya mteremko, kwenye kona, ng'ombe wakatokea barabarani, kundi zima. Anasitazi akakanyaga. Gari likainama mbele kidogo, likasimama. Ng'ombe wakapita mmoja mmoja, hawana haraka. Upande wa kushoto wetu hapakuwa na kitu, ukungu tu.

Mama Tereza akauliza, akiwa bado anatazama mbele, "Anasitazi, hii frein ulimaliza lini?"

"Siku mulikuwa munazika, mama."

"Na siku ile ya mbele, ya funguo?"

Anasitazi akaliondoa gari polepole. "Siku ile ilikuwa inazama, mama. Kama alivyosema."

Nilimsikia Siliveri kando yangu akivuta pumzi, na mkono wake ukamkaza yule mtoto kifuani.

Kesho yake nilikuwa jikoni. Mama Tereza akaingia, akavuta kigoda, akachukua kisu na kuanza kumenya pamoja nami. Tulimenya muda mrefu. Kisha akasema:

"Mukazana, sikumuona dada yangu. Hii uchungu haijaisha, sitakudanganya. Lakini nimefikiri sana kule juu. Kankindi alikuwa mugonjwa tangu wakati wa kupanda maharagwe. Kila siku nilisema, nitaenda kesho, nitaenda gari ikipona. Miguu yangu ilikuwa mizima, na malori ya viazi yalikuwa yanapanda kila asubuhi. Si we ulinichelewesha." Akaweka kiazi kwenye sufuria. "We ulinirudishia hawa watoto. Siku ile nilikuchukia. Leo niko na haya mbele yako."

Nikaanguka magotini pake, na tukalia sote wawili, tukimlilia Kankindi.

Sasa sikia ninayokuambia, mwanangu. Kazi ukiifanya kwa mikono yako, wewe ndiye shahidi wake. Watu wataona magurudumu yamerudi na rangi inang'aa, watakuambia imekwisha. Wewe ukijua bado, sema bado, hata anayelia mbele yako akiwa mama yako. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wapo na wazazi ambao mtu huchelea kuwaliza, na kilio cha kuchelea huko ni kirefu zaidi. Wala usingoje kushukuriwa. Ukweli unaweza kukukosesha nafasi mkekani kwa siku nyingi, nawe ukae tu, usiupeleke matangani kuwapiga nao waliofiwa. Na kama kuna mtu umpendaye aliye mbali, usisubiri gari lipone. Nenda leo, kwa miguu, kwa lori, kwa chochote. Kawia ufike ni maneno ya barabarani. Kwa mgonjwa, utangulie moyo na miguu ifuate upesi.

Mungu akupe mikono isiyodanganya na ulimi usioogopa. Akujalie kila mteremko ushuke salama, wewe na wote watakaokuaminia roho zao, na akukutanishe na uwapendao wangali wanakuita jina. Amina.