Kadi ya Njia Inayoambaa

Siku yangu ya kwanza kazini, Handeni, nilivaa viatu vya kuazima, nikapewa mashine ya chapa ambayo herufi yake ya a ilikuwa inakwama. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa. Ofisi yetu ndogo ilifasiri hadithi na mashairi ya Kiingereza yawe vijitabu vya kisomo, yale madarasa ya watu wazima wasiojua kusoma. Mkuu wetu tulimwita Bwana Mhariri. Alikuwa mpole, ila ukimharibia neno moja, loo, utatamani ardhi ipasuke uingie.

Mimi nilikuwa mpiga chapa, lakini roho yangu ilitaka ufasiri. Siku nilipomwambia hakucheka. Alivuta kisanduku cha mbao chenye kadi tupu.

"Amina, chukua neno moja tu la Kiingereza. Run. Litafutie Kiswahili chake chote, halafu tutazungumza."

Nikasema moyoni, kukimbia, kazi imekwisha! Kumbe wapi. Nilipofungua hadithi zetu nikakuta maji yanafanya run, pua ya mtoto nayo, duka la mtu, mpaka rangi ya kanga mpya kwenye beseni. Mashairi ndiyo yaliyonitoa jasho. Huko hata hofu ilifanya run mgongoni mwa mtu, na ukaidi ulifanya run katika ukoo, baba mpaka mjukuu. Ukiandika ukaidi unakimbia katika ukoo, msomaji atadhani umewatoroka.

Bwana Mhariri alikuwa na sheria yake. "Usikae mezani ukatunga. Mwulize mwenye shughuli." Kwenye kadi uliandika sentensi, Kiswahili chake, na chini jina la aliyekupa, kazi yake na kijiji chake. Aliyeandika jina lisilo la mwenyewe aliachishwa kufasiri siku hiyo hiyo. Basi dobi mmoja wa Handeni akanipa "rangi inachuja". Pale Mkata kondakta akanicheka: "Mabasi hayakimbii kila siku, dada, yanafanya safari." Wote niliwaandika.

Ofisi ilipohamia Korogwe nilikuwa nimebakiwa na sentensi moja. Ilikuwa ya hadithi ya binti anayerudi kwao, na njia inafanya run kando ya mlima mpaka mlangoni kwa mama yake. Wiki nzima nikahangaika nayo. Idd ikafika, nikaenda nyumbani Mpale, na tulipokuwa tunatoka shamba, mama mbele na mzigo wake wa kuni, nikamwuliza.

"Njia itakimbiaje, ina miguu?" akasema bila kugeuka. "Si unaiona hii yetu? Inaambaa na mlima."

Inaambaa! Nilitaka kumkumbatia na kuni zake zote, nikamwambia jina lake litakaa kwenye kadi ofisini.

Jumatatu Bwana Mhariri aliisoma sentensi mara mbili, akapiga meza kwa furaha. "Nani kakupa?" Wafasiri wawili waliomaliza sekondari walikuwa wamesimama pale, mashati yamenyooka. Nikaona haya kusema ni mama yangu, mkulima asiyejua hata kusaini. Nikajibu, "Nimelipata mwenyewe." Nikaandika jina langu. Wiki hiyo hiyo nikafanywa mfasiri.

Sikujua kwamba mama kule nyumbani alikuwa ametangaza Mpale nzima kuwa neno lake limewekwa kwenye sanduku la serikali. Aliingia kisomo kwa ajili hiyo tu, alisome jina lake kwa macho yake.

Miezi ikapita, siku moja ya gulio nikamwona mlangoni mwa ofisi, kanga mpya, kijitabu kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuiona kadi yangu."

Kabla sijafungua kinywa, Bwana Mhariri alikwishasimama. "Karibu mama, karibu sana. Kadi ipi?" Akatajiwa neno, akanitazama, akaitoa mwenyewe na kuiweka mezani.

Mama aliweka kidole chini ya herufi. Alisoma sentensi yote polepole, na alipofika kwenye inaambaa akatabasamu. Kisha kidole kikashuka chini.

"A-mi-na." Akarudia. Akanitazama, uso umemwingia wasiwasi. "Nimekosea, eti? Mwalimu anasema herufi bado nazichanganya."

Nililia palepale, mtu mzima mimi, mbele ya wale wenye mashati.

"Hujakosea, mama. Umesoma sawasawa. Mimi ndiye niliyekosea."

Akaivuta kadi karibu yake. "Basi nipeni kalamu," akasema.

Kesho yake nilirudi kwenye mashine ya chapa, nikakaa nayo mwaka mzima kabla ya kupewa tena kadi. Sikulalamika, na Bwana Mhariri hakunisimanga hata mara moja. Aibu yenyewe ilitosha.

Sasa nimestaafu, na vijana wa kamusi huja kuniuliza neno gani lilinisumbua zaidi. Nawaonyesha kadi hiyo, niliyopewa siku ya kuagwa. Jina langu limekatwa kwa mstari mmoja, bado linasomeka. Chini yake kuna herufi kubwa zilizopanda na kushuka, ya mwisho imebanwa ukingoni: Zaina binti Hasani, mkulima, Mpale. Aliandika mwenyewe, mimi nikiishika kadi isiteleze.