Unga wa Makombe

Juzi nilimkuta binti yangu akikoroga unga wa maganda ya mayai kwenye glasi ya maji, uso kaukunja. Nikaukumbuka moshi wa mikokoni, pale bibi yangu alipokuwa akichemsha maji ya bahari apate chumvi. Nami niliamini kila cheupe cha baharini ni chumvi. Nikatwanga makombe ya chaza, nikamwaga unga kwenye sufuria ya maji, nikakoroga mpaka adhana ya alasiri. Unga ukazama tu.

“Pumzika, mjukuu wangu.”

“Bado kidogo, bibi. Utayeyuka.”

Bibi akacheka. “Ungekuwa unayeyuka, chaza angekaa wapi?”

Sasa najua ganda la yai na kombe ni jamaa moja, maji hayaviwezi. Sikumwambia binti yangu. Nilimpa kijiko kikubwa zaidi.