Kocha Aliyesikia Yote

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua, mwanangu, kule Thornton Heath, huku huku ughaibuni, miaka ya tisini. Timu ya chuo chetu ilicheza na chuo cha jirani. Nilikuwa kiungo mwembamba, mdomo mkubwa kuliko mguu. Kocha wa wapinzani alikuwa akitafuta kijana wa kumsaidia kufundisha watoto, na mie ukocha niliutamani kuliko chakula.

Mimi na binamu yangu Khamis tulikuwa na ujanja wetu: uwanjani tulipangana kwa Kiswahili, wasitushike. "Nipe kushoto, beki wao hageuki!" Tukafunga mapema. Hapo ulimi ukaota mbawa. Kipa wao, mvulana mnene mpole, nikamwita gunia la mchele, na mengine ambayo sitayarudia mbele yako. Khamis alicheka mpaka akakaa chini.

Kipindi cha pili mambo yakageuka. Nikiita kushoto, beki kashafika kushoto. Tukafungwa matatu.

Kwenye kupeana mikono, kocha wao, ambaye siku zote nilimsikia akisema Kiingereza tu, akaushikilia mkono wangu.

"Mutoto, miye ni Papa Bahati, wa Bukavu. Nimesikia yote. Yule kipa ni mwana yangu, naye amesikia. Mama yako alikupatia Swahili juu ya kutukana batu?"

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo; mie nilimtukana mkunga na mwanawe! Nikamwendea yule kijana kumwomba radhi, machozi yananitoka. "It's all right," akasema, akivua glovu, lakini hakuniangalia.

Nilipogeuka kuondoka, Papa Bahati akaniita.

"Kesho asubui kuya unisaidie. Sauti yako inafika mbali, na kocha anaitaka. Maneno ya kuweka ndani tutayatafuta."

Nilikaa naye mpaka miguu yake ilipokataa, akaniachia timu. Nilimpenda kama baba. Na yule kipa hakosi Idi hata moja kwangu, Mkristo yule, na pilau anaimaliza.

Basi mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nakuona kwenye basi na wenzako, mnavyowasema abiria kwa Kiswahili mkidhani hakuna asikiaye. Yupo. Na hata asipokuwepo, lugha ya nyumbani usiifanye jaa la taka. Ukimsema mtu, mseme kana kwamba amekaa kando yako.

Mungu akupe sauti ya kufika mbali, na kila akusikiaye bila ya wewe kujua, afurahi kwamba amekusikia. Amin.