Herufi Zilizobaki Nairobi

Mwezi uliopita, kwenye duka la kupiga chapa hapa Voi, mama mmoja wa buibui alileta disketi yenye kadi ya harusi ya bintiye. Ilitengenezwa Nairobi kwa herufi za mapambo, lakini kwenye skrini zikatokea herufi kavu.

"Mapambo yangu yako wapi?"

"Mama, disketi imebeba maneno tu," karani akamjibu. "Herufi zenyewe zimebaki kwenye kompyuta ya Nairobi."

Mama akajishika kiuno. "Yaani bi harusi kaja, sanduku la nguo kaliacha stesheni!"

Harusi ilikuwa karibu, akachapisha hivyo hivyo. Nami nikaletewa kadi yangu ya mwaliko, kavu kama samansi ya korti.

Siku ilipofika, wageni wote tulifika mapema. Mzee mmoja kutoka Mata alikuja na kitambulisho mkononi.